Sauti Isiyo na Tarehe

Fedha za kitivo zilipotangazwa, Berthe Kasika hakujipa matumaini makubwa. Alikuwa amekaa chuoni Butembo muda wa kutosha kujua mambo yanavyokwenda: tangazo linabandikwa mlangoni, walimu wanalizonga, na mashine zikishafika zinafungiwa katika ofisi ya mtu mmoja, zinafunikwa kitambaa cha maua, na hapo ndipo teknolojia inapolala usingizi wake. Lakini safari hii tangazo lilikuwa na sentensi iliyomkamata. Kitivo cha kilimo kilimtafuta mwalimu mmoja atakayegeuza kozi yake iwe ya kusikilizwa kwa simu, ili wanafunzi wa upande wa Beni wasome bila kupanda barabara.

Anayeishi Butembo haelezwi maana ya maneno hayo. Barabara ya Beni si ndefu. Mtu anaweza kunywa chai Butembo na kula mchana Beni, akatosheka na safari. Ila kuna majuma watu hawaipandi kabisa, na wako walioipanda ambao hadi leo wenzao wanaulizia habari zao kwenye vituo vya pikipiki. Wanafunzi wa Beni walikuwa wanapoteza miaka, na hakuna aliyethubutu kuwaambia ni wavivu.

Berthe alikuwa na kozi. Kwa kweli haikuwa yake. Ilikuwa kozi ya udongo ya Profesa Lukumani, naye Berthe alikuwa msaidizi wake kwa miaka mingi. Lukumani alikuwa mtu wa Beni, Mwislamu wa ukoo wa wasafirishaji, wa kwanza kwao kuacha usukani na kushika chaki. Alifundisha udongo, na msicheke, kwa sababu mtu huyo aliweza kuuongelea udongo mpaka wanafunzi wakasahau njaa. Hakupenda kufundishia ubaoni. Alikuwa anakwenda kwenye mashamba ya watu, Kalunguta, Oicha, Eringeti, anachimba shimo, anashuka ndani, na kutoka humo anaongea na simu yake. Jioni anamtumia Berthe sauti hizo ili aziandike vizuri. Hivyo Berthe alikuwa nazo zote.

Ilikuwa imepita zaidi ya mwaka tangu Lukumani aonekane mara ya mwisho. Gari lake lilikutwa mbele ya Eringeti, limeungua, milango wazi. Walimtafuta, wakaita jina lake msituni, hawakupata mwili.

Na hapa inafaa nieleze jambo moja, maana wageni hutukosea. Huko Beni mtu ambaye mwili wake haujaonekana haitwi marehemu. Anaitwa "hajarudi". Si ujinga, na si kukataa ukweli. Wako waliochukuliwa na waasi wakarudi, baada ya mwaka, baada ya miaka miwili, wamekonda, wameota ndevu, wamesimama mlangoni wanaomba maji. Akirudi mmoja wa namna hiyo, nyumba nyingi zinaendelea kulala bila kufunga komeo. Kwa hiyo hakuna mtu wa nje anayeingia katika nyumba ya watu na neno "kifo" mdomoni. Neno hilo lina wenyewe. Anayelitoa ni mama wa aliyepotea, au bibi yake wa ndoa, na asipolitoa, majirani wote wanakaa nalo moyoni wakimsubiri. Mama yake Lukumani alishakufa bila kulitoa. Alibaki Hadidja, mke wake, na Hadidja alikuwa anasema "hajarudi".

Berthe alikwenda kwake Beni kuomba ruhusa. Hadidja alikuwa anauza chumvi na samaki wakavu mbele ya nyumba, akamsikiliza huku akiwafukuza nzi kwa kipande cha katoni.

"Ni sauti yake mwenyewe, Mama Hadidja. Banafunzi batamusikia yeye, hapana mimi," Berthe alisema.

"Muache afundishe, Madame," Hadidja akajibu. "Siku atarudi, atakuta kazi haikulala. Ataniambia wasingya, aksanti."

Berthe aliuma ulimi. Alijiambia kwamba si kazi yake, na kweli haikuwa kazi yake. Ila njiani kurudi Butembo ilimkaa rohoni ile "atarudi", ilivyotoka nyepesi, kama mtu anayemzungumzia aliyekwenda sokoni.

Fedha akapewa. Kompyuta, kinasa sauti, vipaza sauti vya kutumwa Beni, na malipo ya intaneti. Doyen Kitsa, mkuu wa kitivo, mtu mnene mwenye kicheko kizuri, alisikiliza sauti ya kwanza akafurahi mpaka akapiga meza.

"Madame Berthe, hii ni or, ni zahabu! Mais ile mwanzo utoe."

"Mwanzo gani, Doyen?"

"Ile ya tarehe. 'Leo ni tarehe fulani, mvua ilinyesha jana.' Commission ya fonds, wale wenye kutoa feza, inataka capsule, somo fupi yenye kudumu. Muaka kesho, muaka kesho kutwa, mwanafunzi asione kama ni kitu ya zamani. Na ile kukohoa, na salamu, na mambo ya chakula, yote utoe."

"Mais Doyen, yeye alianzaka na tarehe juu ya mvua. Udongo ukinyeshewa unabadilika."

"Udongo ni udongo, Madame. Kata."

Doyen Kitsa alisomea uchumi wa vijijini, tumsamehe. Na Berthe naye alikata. Kitu ambacho mwenye kutoa fedha anataka kikatwe kinakatwa, ndivyo tunavyoishi.

Alikuwa anafanya kazi hiyo mchana, ofisini, saa ambazo umeme haukatiki, amevaa vifaa vya masikioni. Ni hapo alipoanza kuogopa. Sauti ya mtu ikiwa hewani inapita na kwenda zake, lakini hii ilikuwa ndani ya kichwa chake, karibu kuliko Lukumani alivyowahi kukaribia akiwa mzima. Alisikia pumzi yake kabla ya neno. Alisikia udongo ukidondoka kutoka ukingoni mwa shimo. Kila mara profesa alipomaliza jambo gumu aliuliza, "Munanifuata?" na Berthe, peke yake ofisini, mlango umefungwa, akajikuta anaitika, "Ndiyo, Prof." Mara ya kwanza alicheka. Mara nyingine alivua vile vifaa, akaenda kusimama barazani. Aliona kila anapokata tarehe kama anamtoa yule mtu katika siku yake na kumuacha bila siku, mahali ambapo si jana wala si leo. Aliona hivyo, akaendelea kukata.

Somo la kwanza lilipigwa Beni katika ukumbi wa kuazima. Falonne, msichana aliyekuwa mwakilishi wa wanafunzi wa huko, alimpigia simu baadaye.

"Madame, tulisikia muzuri. Mais kuna kitu."

"Kitu gani?"

"Aliuliza, 'Munanifuata?' Tukajibu sisi wote, 'Ndiyo, Prof!' Kwa nguvu, sawa vile zamani. Halafu... Madame, halafu hakuna mutu aliweza kuandika tena. Ornella alitoka inje. Tulikuwa tunaangalia mulango."

Berthe alimwambia watazoea. Alisema hivyo kwa sauti ya mwalimu, kisha akakata simu na kukaa nayo mapajani.

Masomo yalikuwa kwenye mtandao wa kitivo, na ndiko yalikopaswa kukaa. Lakini mwanafunzi hana pesa ya kufungua mtandao kila siku, basi akilipata somo mmoja, analituma WhatsApp kwa wenzake, na wenzake kwa wenzao. Ukiijua Beni unajua kilichofuata. Beni inaishi kwa audio. Asubuhi watu hawasikilizi redio kwanza, wanasikiliza audio: wapi kumelia risasi, barabara gani imefungwa, nani kaonekana. Audio haziwi na jina wala siku, na mtu hana muda wa kuuliza, maana anayeuliza siku huenda akachelewa kukimbia. Kila audio ni ya leo. Kwa hiyo sauti ya Lukumani ilipotoka kwenye simu za wanafunzi na kuingia kwenye simu za wauza mafuta, mafundi na madereva, iliingia kama sauti zote zinavyoingia Beni. Ikawa ni ya leo.

Ijumaa moja ya mwezi wa kumi na moja, asubuhi, Falonne alipiga tena. Alikuwa anahema.

"Madame, Hamisi alisikia audio ya Eringeti. Amepanda motor. Anaenda kumutafuta Prof!"

Hamisi alikuwa mdogo wake Lukumani, dereva wa Fuso kati ya Kasindi na Beni. Siku Berthe alipokwenda kuomba ruhusa, Hamisi alikuwa safarini, hakuna aliyemwambia kitu. Sasa alikuwa ameshusha mzigo, mtu akampa simu asikilize, na alichosikia ni kaka yake, wazi kabisa, bila salamu wala tarehe, akianza hivi: "Niko hapa Eringeti, ndani ya shamba ya kakao ya mama moja. Tumechimba mpaka kiunoni. Siondoki fasi hii mpaka nione mwisho wa huu udongo mwekundu. Munanifuata?"

Berthe aliielewa sauti hiyo kama Hamisi alivyoielewa: mtu yuko mahali, anachimba, haondoki. Wako waliorudi wakasimulia kwamba huko walikuwa wanalimishwa. Na juma lile lile, mbele ya Oicha, barabara ilikuwa imekula watu. Hamisi alikuwa anakwenda kutafuta mtu aliyekatwa kwa kompyuta, na angeuawa kweli.

Alimpigia, haikupokelewa. Alimpigia Hadidja, haikupokelewa. Ndipo akamtumia Hamisi audio, akisema haraka haraka kwamba ile sauti ni ya zamani, ni somo, alilikata yeye mwenyewe, arudi. Jibu lilikuja kutoka Oicha, na nyuma yake kulisikika wauza mkate.

"Madame, nakuheshimu, wewe ulikuwa na yaya yangu, mukubwa wangu, kazini. Mais sikia. Hapa kwetu audio mubaya ikitoka, wakubwa banasema, 'Batu ba Beni, hapana ogopa, hii ni audio ya zamani.' Na kesho tunazika. Donc hapana niambia ya zamani. Iko anasema 'niko hapa'. Hasemi 'nilikuwa'. Bibi yake mwenyewe hajasema kama alikufa. Wewe ni nani wa kusema? Basoda, ba askari, banafungua barabara kisha sala. Nikitoka musikitini, naenda."

Berthe aliisikiliza, na hasira yake kwanza ilimwendea Hamisi, halafu Doyen Kitsa, halafu ikatua kwake mwenyewe na kubaki hapo. Hamisi alikuwa na haki kila neno. Mtu mmoja tu ndiye angeweza kumrudisha, na mtu huyo alikuwa hashiki simu. Zilibaki saa chache kabla ya sala. Alichukua kinasa sauti na kompyuta, akatoka kwenda kutafuta pikipiki ya kumfikisha Beni kwa Hadidja.

Dereva wa pikipiki alitaka wazungumze bei, akaona uso wa abiria wake, akawasha. Walipita Kalunguta wakati akina mama wanapanga vitunguu vyao ukingoni mwa barabara, na Berthe alikuwa anaangalia upande wa msitu bila kutaka. Haikuwa mara yake ya kwanza kuipanda barabara ile kwa woga, sisi sote tunaipanda kwa woga. Ila siku hiyo kila mtu aliyesimama peke yake shambani, mgongo ameupa barabara, jembe mkononi, alikuwa na mabega ya Lukumani. Mmoja aligeuka. Alikuwa kijana mdogo tu, akapunga mkono.

Kwenye kizuizi askari aliinua bunduki kuwasimamisha, akauliza kwa Kilingala mbio hizo ni za wapi.

"Mama, ozokende wapi na vitesse oyo?"

"Kwenye kilio," Berthe akajibu.

Askari alivua kofia, akaondoa kamba mwenyewe. Ni pikipiki ilipokuwa imeshachanganya mwendo ndipo Berthe alipojisikia. Neno ambalo hakuwa na haki nalo, amelitoa barabarani kwa mtu asiyemjua, nalo limekubaliwa papo hapo.

Alimkuta Hadidja amevaa kitenge kipya. Meza ya samaki ilikuwa imefunikwa, hakuuza siku hiyo. Uani moto ulikuwa unawaka, sufuria kubwa juu yake, na uso wa mama yule ulikuwa unang'aa kwa mafuta na furaha, hata Berthe akatamani ardhi immeze.

"Madame Berthe! Na wewe ulisikia? Nilikuwa sishike simu, batu bananipigia mpaka betri imekufa. Hii si ile ya masomo, hii anasema haondoke mpaka aone mwisho! Si ndiyo yeye huyo? Mubishi wa kazi! Hata fasi walimupeleka, anachimba tu." Alicheka, akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Hamisi nimemupa shati yake moja ya nyumbani, amupelekee. Huko anavaa nini?"

Berthe alikaa kwenye kigoda bila kukaribishwa.

"Mama Hadidja, ile audio, miye njo niliitengeneza."

"Ulitengeneza namna gani? Sauti ni yake."

"Sauti ni yake. Mais ni ya zamani. Nilitoa mwanzo. Kitivo kilitaka hivyo, nikakata. Unisamehe. Nimekuja na ile nzima, usikilize."

Hadidja alikwenda kupunguza kuni chini ya sufuria, taratibu, kijiti kimoja kimoja, akarudi na kukaa chini kwenye mkeka. Berthe akafungua kompyuta.

Sauti ikaanza, safari hii na mwili wake wote. "Bonjour Berthe. Leo ni tarehe kumi na mbili, mwezi wa tatu. Jana mvua ilinyesha mingi, donc udongo ni muzito, usishangae." Akakohoa. Hadidja alitikisa kichwa.

"Tarehe inaweza kuwekwa," alisema. "Simu zinadanganya. Wewe mwenyewe umesema unakata, basi unaunga pia."

Sauti iliendelea yenyewe. Lukumani alimsalimia mtu aliyekuwa pembeni. Kikasikika kicheko cha mama wa shambani. "Berthe, huyu mama amenipa kitawi ya ndizi, zile fupi nyekundu. Hadidja atafurahi. Nitazibeba kwa bega, gari imejaa vyombo. Bon, niko hapa Eringeti..."

"Simamisha," Hadidja akasema.

Berthe akasimamisha.

"Ndizi nyekundu."

"Ndiyo, Mama."

"Hizo nilizipika mimi." Alikuwa anaangalia mikono yake, si kompyuta. "Alifika jioni, kitawi kwa bega, utomvu umeshuka kwa shati mpaka kiunoni. Nilimugombeza! Nilimwambia, 'Profesa muzima, hujue utomvu wa ndizi hautoke?' Akasema, 'Utatoka.' Nilifua na ndimu, nilifua na majivu. Haukutoka. Ni ile shati nimemupa Hamisi asubui hii. Nilisema, akiiona, atacheka."

Moto ulipasuka chini ya sufuria. Berthe alitaka kumshika mkono, akaogopa. Alikuwa amekuja kuchukua kitu ndani ya nyumba hii na sasa ameshakichukua, na hakuona raha yoyote.

"Mama Hadidja, Hamisi anaenda kisha sala. Ni wewe tu atakusikiliza. Betri yako imekufa, chukua ya kwangu."

Hadidja aliipokea simu. Aliijua kazi yake, nani asiyeijua. Alibonyeza, akaisogeza mdomoni.

"Hamisi. Ni miye, shemeji yako. Sikia. Rudia nyumbani. Ile sauti ni ya zamani, niliisikia yote. Yaya yako hapana huko. Yaya yako hajarudi..."

Aliacha. Alitelezesha kidole, audio ikafutika. Berthe alielewa, na kumuangalia kulimshinda, akageuza uso kwenye ukuta. Kwa neno hilo Hamisi angekwenda. Kila mtu aliyekwenda msituni kutafuta alikwenda kwa neno hilo.

Kutoka upande wa barabara ya soko kipaza sauti cha msikiti kilikohoa na kuanza. Huko Oicha nako ilikuwa saa ile ile.

Hadidja alifunga macho, akabonyeza tena.

"Hamisi. Ni miye Hadidja, bibi ya Lukumani. Leo ni Ijumaa, siku ya tano, nimekaa kwa mukeka, hapa uani, Madame Berthe iko mbele yangu." Sauti yake ilikuwa kavu, ya mtu anayeagiza mzigo. "Bwana yangu alikufa. Unasikia? Yaya yako alikufa, siku ile ya gari. Nilijua, na nilikuwa nakataa, na hakuna mutu alinilazimisha kusema. Ninasema sasa, sababu nikikupoteza na weye nitabaki na nani? Hapana enda Eringeti. Hakuna mutu huko. Rudia, ukae kwa mulango, upokee batu. Weye njo mwanaume wa hii nyumba."

Aliachia kidole, akamrudishia Berthe simu. Audio ikaondoka. Alama moja ikatokea, ikabaki moja. Sala ilikuwa imeanza, simu yake bila shaka imezimwa. Wakakaa. Berthe alijaribu kusali kwa namna yake, Salamu Maria, akawa anaisahau katikati na kuanza upya. Hadidja alivua herini, akaziweka juu ya mkeka, halafu bangili, halafu akafungua kilemba kipya na kukikunja vizuri kama kitu cha kurudisha dukani. Hakulia. Uso wake ulikuwa umetulia hata ikatisha, na Berthe aliona heri angemtukana.

Alama ya pili ilitokea. Kisha zikageuka bluu, zote mbili.

Hakuna jibu lililokuja. Hadidja aliiangalia simu iliyokuwa mkononi mwa Berthe kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemjua. Kisha ikalia. Ilikuwa audio fupi, na mwanzoni hapakuwa na neno, ilikuwa pumzi tu ya mwanaume inayoshindwa kupita. Halafu Hamisi akasema, "Shemeji, nimesikia. Nageuza motor. Ninarudi."

"Aksanti Mungu," Berthe akasema, na machozi yakamtoka bila kuomba ruhusa.

Hadidja alikubali kwa kichwa. Alisimama, akajikung'uta, akaenda kwenye sufuria kukoroga, kama vile shughuli imekwisha na sasa ni chakula. Kisha akageuka na mwiko mkononi.

"Madame, ile audio yangu. Unaweza kuifuta? Hamisi ameshasikia, inatosha. Sitaki itembee."

"Nitaifuta," Berthe akasema, na akaifuta. Lakini alikuwa anajua, na Hadidja pia alikuwa anajua, maana wote wawili waliishi katika nchi hii. Hamisi ana familia Kasindi, ana wajomba Oicha, ana kundi la madereva. Mtu akipata neno kama lile halishiki peke yake, analigawa na wenzake walisaidie kulibeba.

Ilianza nyumba ya pili, nyuma ya ukuta wa matete. Mtu alikuwa amefungua simu kwa sauti ya juu. "...bibi ya Lukumani. Leo ni Ijumaa, siku ya tano, nimekaa kwa mukeka..." Hadidja aliacha kukoroga. Sauti ile ilikuwa yake lakini ilitoka nje, kwa jirani, na kwake ilifika kama zilivyomfikia habari zote za mwaka ule, kutoka kwa watu, kupitia ukuta. Aliisikiliza na kichwa amekiinamisha upande, kama mtu ambaye hajui bado itasema nini.

"Bwana yangu alikufa," mwanamke yule wa kwenye simu akasema.

Mwiko ulimdondoka. Hadidja alitoa ukelele ambao Berthe hakuwa amewahi kuusikia kwa mtu mzima, akakaa chini palepale kwenye majivu, na kule nyuma ya ukuta akina mama wakaupokea. Mlango wa uani ukaanza kufunguka, wakawa wanaingia, viatu mikononi, mmoja baada ya mwingine. Berthe alitoa sufuria motoni, kisha akaanza kutandika mikeka.